Vampaya si mumiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo moja kuhusu makala iliyotoka katika ukurasa wa watoto wa toleo la Jumamosi iliyopita, ile iliyowasimulia wasomaji habari za anime (filamu za katuni) ya Kijapani iitwayo Hellsing, inayohusu wasaka vampaya, chini ya kichwa kilichopigwa kwa herufi nene: "Wawinda mumiani wa London". Nakala hiyo sikuinunua. Niliikuta siku mbili baadaye imefungia mihogo ya kukaanga karibu na stendi, na kabla sijaifungua vizuri, mtoto wa muuzaji, ambaye nakisia yuko darasa la tatu, alikuwa ameshakisoma kichwa kile kwa sauti na kumuuliza mama yake kama mumiani wamerudi. Mama alimwambia anyamaze, kisha akanitazama mimi mteja wake, mzee nisiyemzoea, kwa jicho ambalo nalifahamu, kwa kuwa nilitazamwa hivyo kwa miaka mingi kazini. Nilikuwa mtaalamu wa maabara, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa katika timu ya kukusanya damu.

Sina ugomvi na anime yenyewe. Mjukuu wangu, aliye mwaka wa pili chuoni, ndiye aliyeniwekea wakati wa likizo, akanisomea tafsiri kwa kuwa miwani yangu haielewani na yale maandishi madogo ya chini ya kioo. Nilikubali ili nikae naye tu, lakini nikaimaliza, na baada ya hapo nikaomba na ile ya pili. Kwa hiyo naandika kama mtu aliyeitazama, na kwa masikitiko naona mwandishi wako aliitazama nusu, au alisimuliwa.

Hadithi hii ilianza kama manga, yaani kitabu cha hadithi za picha, ya Kouta Hirano, iliyochapishwa katika jarida la Young King OURs, ambalo ni jarida la vijana waliokwisha kukua, kuanzia mwaka 1997 hadi 2008, kisha ikakusanywa katika vitabu 10. Kutokana nayo zimetengenezwa anime mbili tofauti. Ya kwanza, yenye sehemu 13, ilitengenezwa na studio ya Gonzo na kuonyeshwa na Fuji Television kuanzia Oktoba 2001 hadi Januari 2002, wakati manga ikiwa bado inaendelea kuandikwa, na kwa sababu hiyo watengenezaji walilazimika kujibunia njia yao wenyewe na mwisho wao wenyewe. Ya pili, Hellsing Ultimate, yenye sehemu 10 ndefu zilizouzwa moja kwa moja kwenye diski kati ya mwaka 2006 na 2012, ilirudi kwenye kitabu na kukifuata kwa karibu. Mwandishi wako ameanza na ile ya kwanza na kumalizia na ile ya pili kana kwamba ni kisa kimoja, ndiyo maana aya yake inayosema kwamba mabaki ya jeshi la Kinazi yaliivamia London kutoka angani, na kwamba baadaye Alucard, yule vampaya ambaye ndiye mhusika mkuu, akapambana na adui aitwaye Incognito, haiwezi kumwingia akilini mtu yeyote aliyetazama hata moja kati ya hizo mbili. Uvamizi ule umo katika ya pili tu. Incognito yumo katika ya kwanza tu. Kosa hili ni dogo na ningelinyamazia.

Ambalo siwezi kulinyamazia ni hilo neno.

Neno mumiani lilitufikia kwa bahari, pamoja na mazulia na tende. Frederick Johnson, katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotoka mwaka 1939, alilieleza kwanza kama kitu cha dukani: dutu nyeusi mfano wa gundi, iliyosemekana kutoka Uajemi, ambayo Waarabu, Wahindi na Waswahili waliitumia kwa kupaka, au kwa kunywa ikiwa imeyeyushwa katika samli, ili kutibu homa na mifupa iliyovunjika. Kisha akaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kabisa kuwa dutu hiyo ni damu ya binadamu waliouawa kwa ajili hiyo, na kwamba uvumi ukianza kuwa mumiani inatafutwa, watu wa mjini hujawa na hofu na ni nadra kutoka nje baada ya jua kuchwa. Hivyo mumiani ilikuwa dawa kabla ya kuwa mtu. Baadaye jina la dawa likamhamia anayeitafuta, na katika miaka ya ukoloni mtu huyo alipewa sare. Nairobi na Kampala aliitwa mzimamoto, kwa kuwa watu waliyatazama magari mekundu ya kikosi cha zimamoto na kujiuliza yanabeba nini hasa siku ambazo hakuna nyumba inayoungua.

Luise White, mwanahistoria wa Marekani, alikusanya masimulizi ya namna hiyo kutoka Kenya, Uganda na nchi jirani katika kitabu alichokitoa mwaka 2000, na humo wanaotajwa ni wazimamoto, askari, watu wa hospitali na watu wa idara ya wanyamapori. Ni kweli kwamba katika jina la kitabu chake alitumia neno la Kiingereza la vampaya, na huenda hapo ndipo mwandishi wako alipoona amepata ruhusa. Lakini bibi yule alikuwa anawaeleza watu wa lugha yake jambo la kwetu, akatumia neno walilo nalo. Sisi tunaeleza jambo la kwao kwa lugha yetu, na neno tulilo nalo halilingani na kitu kinachoelezwa.

Hebu tuwaweke pamoja. Vampaya wa hadithi za Ulaya, ambaye Hirano amemchukua kwa Bram Stoker na riwaya yake ya mwaka 1897 bila kuficha, kwani jina Alucard ni Dracula likisomwa kutoka nyuma, ni maiti. Ana jeneza, ana historia ya kifalme, huzuiwa na msalaba na risasi za fedha, hunywa damu kwa sababu ndiyo chakula chake, na anayemuuma anaweza kugeuka kuwa kama yeye. Mumiani hajafa. Ni mtu mwenye afya njema, ana mshahara, ana gari, na kuna mkubwa aliyemtuma. Msalaba haumshtui, pengine anao shingoni. Damu haionji hata tone, anaipeleka. Na aliyenyonywa na mumiani hageuki kuwa chochote: anakufa, na ndugu zake wanaambiwa kwamba aliugua. Mjukuu wangu, aliposikia kichwa cha habari chenu, alicheka, akasema, "Babu, mumiani hana kaburi." Nadhani amefupisha vizuri kuliko mimi.

Mtu anaweza kuuliza kuna madhara gani, ilhali ni neno tu. Nitaeleza siku moja kati ya nyingi. Tulikwenda katika kijiji ambacho sitakitaja, tukatandika vitanda vitatu vya kukunja chini ya mwembe, pembeni ya soko, meza ya kupima uzito na wekundu wa damu, na makasha yetu ya baridi. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumekwisha kupata watu sita na foleni ilikuwa nzuri. Akapita mwendesha baiskeli. Hakusimama, wala hakupaza sauti. Alilitamka neno lile mara moja kama mtu anayetoa salamu, akaenda zake. Nilikuwa nimeinama naangalia mfuko, kwa sababu mfuko wa damu wa mililita 450 unatakiwa kutikiswa taratibu muda wote unapojaa, ili damu ichanganyike na dawa ya kuzuia kuganda. Nilipoinua kichwa foleni haikuwepo. Mwanamke aliyekuwa kitandani, sindano ikiwa mkononi mwake, akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, nitoe." Nikamtoa. Mfuko haukuwa umefika nusu, na mfuko usiojaa haumfai mgonjwa kwa kuwa uwiano wa damu na dawa umeharibika. Ule tuliupeleka kuteketezwa. Jioni tulikuta magurudumu mawili ya gari yametolewa upepo. Usiku huo, katika hospitali tuliyokuwa tukiikusanyia damu, hapakuwa na akiba, na nadhani wasomaji wako hawahitaji nieleze ni akina nani wanaohitaji damu usiku katika hospitali za wilaya zetu. Ni wazazi waliotoka kujifungua na watoto wenye malaria.

Tulirudi salama, na hilo ni jambo la kushukuru. Mwaka 2017, kusini mwa Malawi, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kadhaa kuuawa na makundi ya raia wenye hasira, hata Umoja wa Mataifa ukawahamisha wafanyakazi wake kutoka wilaya za Mulanje na Phalombe. Neno lenye historia ya namna hiyo halipaswi kuchezewa katika kichwa cha habari kwa sababu tu linavutia jicho.

Nikiri hata hivyo, Mhariri, kwamba nilipokuwa naitazama Hellsing, hasa ile ya kwanza, nilishtuka mara tatu kwa kuona vitu vinavyomkaribia mumiani wetu, na wala si pale alipopaona mwandishi wako. Mara ya kwanza ni katika kisa cha Integra, mwanamke anayeliongoza shirika la Hellsing. Akiwa bado msichana mdogo, baba yake akiwa ametoka tu kufariki, ami yake anamwinda amuue ili ashike yeye uongozi wa shirika la familia, lile linalowasaka wanyonya damu kwa niaba ya taji la Uingereza. Msichana anakimbilia chini ya nyumba, kwenye chumba alichoambiwa kuna kitu cha kumwokoa, na anachokikuta ni maiti iliyokauka. Anapigwa risasi, damu yake inadondoka sakafuni, na maiti ile inailamba na kuamka. Huyo ndiye Alucard. Mtu anayejua kwamba neno letu mumiani na neno la Kiingereza mummy, wanaloziitia maiti zilizokaushwa za Misri, yametoka katika shina moja hawezi kuitazama sehemu ile bila kunyanyuka kidogo kitini.

Mara ya pili ni habari ya zile chipu. Katika anime ya kwanza, wanyonya damu wengi wanaosakwa hawakuumwa na yeyote. Wametengenezwa kwa kupandikizwa kifaa mwilini, na nyuma ya kifaa hicho kuna mtu au watu wenye maabara ambao hadithi inaisha bila ya kuwafichua. Hapo ndipo penye mumiani, kama mwandishi wako alikuwa anamtafuta: mtendaji asiyeonekana, mwenye vifaa na sababu zake, anayewageuza miili ya watu kuwa mali ghafi. Alucard mwenyewe, pamoja na bastola zake mbili na risasi zilizotengenezwa kwa fedha ya msalaba wa kanisa ulioyeyushwa, ni mtumwa wa ajabu aliyefungwa kwa lakiri na anayengoja ruhusa ya Integra, bibi yake, kabla ya kuitoa nguvu yake yote. Ukubwa wake ni wa hadithi za kale. Wa wale waliomo maabara ni wa ofisini.

Mara ya tatu ndiyo iliyonikaa. Yumo askari polisi mmoja, Seras Victoria, msichana ambaye katika operesheni ya kijiji cha Cheddar alishikwa na padri aliyekuwa mnyonya damu na kufanywa ngao. Alucard akapiga risasi iliyompitia yeye ili imfikie yule aliye nyuma yake, halafu akampa nafasi ya kuchagua, naye akakubali kugeuzwa kuliko kufa. Kuanzia hapo anaishi katika makao ya shirika, na chakula anachopewa ni mfuko wa damu ya hospitali. Hataki. Anautazama tu. Nimeishika mifuko kama ile kwa maelfu, nikiibandika lebo na kuipanga kwenye jokofu lenye baridi ya nyuzi 2 hadi 6, na sijawahi kuona filamu yoyote iliyoupa uzito unaostahili ule mfuko mmoja uliowekwa mbele ya mtu. Msichana yule anajua kwamba ndani yake kuna mkono wa mtu uliokunjuliwa mahali fulani. Nilimwambia mjukuu wangu asimamishe hapo. Akadhani nimechoka.

Jambo la Incognito nalipitia haraka. Waliomtunga adui huyo wa mwisho walimpa asili ya Afrika, bila nchi, bila kabila, kisha wakamfanya amwite Seti, mungu wa kale wa Misri, kama kwamba bara zima ni chumba kimoja cha giza. Mwandishi wako amelitaja hilo kwa fahari, eti "Mwafrika naye yumo". Mimi sikuona fahari yoyote. Hirano hahusiki, kwani Incognito hayumo katika manga yake.

Lipo pia suala la ukurasa. Hellsing haikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Ina mauaji ya kinyama yanayoonyeshwa bila kupunguzwa, na katika Hellsing Ultimate mji mzima unachinjwa na kiongozi wa maadui, ambaye huitwa Meja tu, anatoa hotuba ndefu ya kuipenda vita kwa ajili ya vita yenyewe. Hotuba ile imeandikwa kwa ustadi na mtu mzima ataielewa kuwa ni picha ya wazimu, lakini mtoto wa miaka minane atabaki na makofi yanayoifuata. Yupo tena Anderson, padri wa Kikatoliki anayelea yatima mchana na usiku anaua kwa visu vya bunduki, na uhasama wake na shirika la Kiprotestanti la Integra ni jambo linalohitaji mtu anayeelewa utani unaishia wapi. Kwetu bado tunadhani kila kilichochorwa ni cha watoto. Wajapani waliacha kudhani hivyo zamani, ndiyo sababu wana majarida ya manga ya wavulana, ya wasichana na ya watu wazima, kila moja mahali pake dukani. Sisemi habari hii isiandikwe; iandikwe, lakini kwenye ukurasa wa burudani wa Jumapili, pamoja na maelezo ya umri.

Kuhusu neno la kutumia, pendekezo langu ni jepesi. Vijana wanasema vampaya na wanaelewana. Wapo watakaosema hilo ni neno la kukopa. Mumiani nalo lilikopwa, tena lilipita mikono mingi zaidi kabla ya kufika Mombasa na Unguja. Anayetaka kueleza zaidi anaweza kusema mnyonya damu, maneno ambayo hayana doa na yanamfaa Alucard sawasawa, kwa kuwa yeye hunyonya kweli.

Naomba basi gazeti lako litoe masahihisho, na naomba yatoke katika ukurasa uleule, kwa herufi za unene uleule, ili yakifungia mihogo yaweze kusomwa na mtoto yuleyule. Nakumbusha pia kwamba tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, haiko mbali, na nimeambiwa na vijana walionirithi kazini kwamba watatandika vitanda vyao karibu na stendi hiyohiyo. Nimewaahidi kwenda kuwashikia orodha ya majina, kwa kuwa umri wangu sasa hauniruhusu kutoa. Mjukuu wangu amesema atakuja. Ana kilo 54, na zinazotakiwa ni 50, hivyo hana kisingizio.

Wako katika usomaji,

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Tanga